Mvua ya kwenye simu hailoweshi mtu

Hakuna programu ya kutuliza akili inayouza sauti ya mbu. Utapata mawimbi ya bahari, kijito kinachopita kwenye mawe, ndege wa alfajiri, mvua juu ya majani, hata radi ya mbali. Mbu hayumo, ingawa naye ni kiumbe wa maumbile na mlio wake ni mdogo kuliko sauti zote hizo. Aliyewahi kulala Kisumu upande wa ziwani anajua sababu. Mlio huo ukipita sikioni mara moja tu, mkono unaruka wenyewe kabla akili haijaamka. Unawasha taa, unakagua neti upande wa miguuni, unatafuta tundu. Muda wote huo baa iliyo barabara ya pili inaporomosha muziki wa benga kwa nguvu isiyolinganishwa na ya mdudu huyo, na wewe ulikuwa umeshaizoea, unakoroma.

Namtanguliza mbu kwa sababu anaharibu hadithi tamu tunayosimuliwa siku hizi: kwamba sauti za maumbile ni za upole, za mjini ni za ukali, na tiba ya ukali ni kujimiminia upole masikioni kwa saa nane. Mwili haugawi sauti hivyo. Unauliza swali moja tu: je, sauti hii inanidai kitu? Mtoto anayelia anadai. Mlango unaogongwa saa saba za usiku unadai, na mbu ndiye mdai mkubwa. Mvua inayonyesha nje huku umejifunika blanketi haikudai chochote, maana hata ukitaka kwenda popote huwezi. Utulivu unatoka hapo, na nguvu ya rekodi inatoka hapo pia. Mvua ya kwenye simu imevuliwa madai yake yote. Haivujii kitandani, haileti tope mlangoni, hailoweshi mahindi uliyoanika uani.

Tuiangalie mvua ya mabati, kwa kuwa sehemu kubwa ya watu wa magharibi mwa Kenya wamelelewa chini yake. Mchana, shuleni, mvua kubwa ikianza kupiga mabati yasiyo na dari, somo limekwisha. Mwalimu anaongea midomo inachezacheza tu, hakuna anayemsikia hata aliyekaa dawati la mbele. Anaweka chaki chini, anasimama mlangoni akiutazama uwanja, na wanafunzi wanalaza vichwa juu ya mikono. Wengine wanasinzia papo hapo. Ukipima sauti ile kwa ukubwa wake ni kelele, tena kelele nzito. Kinachoifanya iwe usingizi badala ya kero ni kwamba haibadiliki na haina ujumbe. Imesema neno moja na inalirudia.

Usingizi wetu huvunjwa zaidi na mabadiliko ya ghafla kuliko na ukubwa wa sauti peke yake. Chumba kikiwa kimya kabisa, pikipiki moja iliyotobolewa bomba la moshi inasimama juu ya ukimya huo na kukushtua. Mvua ikiwa inapiga, pikipiki ile ile inapita na hujui. Ni sawa na mto wenye mawe: maji yakipanda, mawe hayajaondoka, ila hayaonekani. Ndiyo maana feni, ambayo watu wa Kisumu huiwasha kwa sababu ya joto, imewalaza wengi kuliko programu yoyote ya simu, na ndiyo maana redio ya zamani iliyoachwa katikati ya stesheni mbili, ikichachatika tu, humtuliza mtoto mchanga. Hakuna ndege wala kijito humo. Kuna sauti iliyonyooka, isiyodai kitu.

Sasa ihamishe mvua hiyo hiyo ya mabati hadi uwanda wa Kano, au Budalang'i, ambako mto Nzoia ulivunja kingo zake Mei 2020 na kuzifukuza familia makwao. Huko, mtu akisikia mvua inakolea usiku hajifuniki. Anateremsha mkono kando ya kitanda na kupapasa sakafu kuona kama maji yameingia. Kaunti ya Nakuru ina Solai, ambako bwawa lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na watu zaidi ya 40 wakafa. Sijui nani angethubutu kumpelekea mtu aliyenusurika pale rekodi ya maji yanayoporomoka kwa nguvu na kumwambia avute pumzi polepole.

Na ile radi ya mbali, inayopendwa sana kwenye rekodi hizi? Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi zaidi, hasa usiku, wakati hewa baridi ya nchi kavu inapokutana na joto la maji. Na omena huvuliwa usiku, kwa taa, katika giza lisilo na mwezi. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za ufuoni, kuanzia Dunga hadi Mbita, radi ya mbali ina tafsiri moja: nani yuko majini? Kampuni iliyorekodi radi hiyo ilimfikiria mteja aliye ndani ya nyumba ya mawe, madirisha yamefungwa, watu wake wote wamelala. Kwake inafaa sana. Mke wa mvuvi haimfai, na asilaumiwe kwamba hajui kutulia.

Wataalamu wamejaribu kuyapima mambo haya, na matokeo yao yana makunyanzi ambayo matangazo huyapiga pasi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm waliwapa watu 40 hesabu za kichwa hadi wakafadhaika, kisha wakawasikilizisha sauti tofauti, zikiwemo maji ya chemchemi yaliyochanganywa na ndege, na kelele za magari. Jasho la ngozi, ambalo ni dalili ya wasiwasi, lilipungua haraka zaidi kwa waliosikia maji na ndege. Ila kipimo cha pili, cha jinsi mapigo ya moyo yanavyobadilika, hakikuonyesha tofauti. Matangazo husimulia nusu ya kwanza tu.

Utafiti wa Brighton, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, unanivutia zaidi ingawa ulikuwa na watu 17 tu. Watu hao walisikilizishwa sauti za maumbile na za mijini huku ubongo wao ukipigwa picha. Walionufaika zaidi na sauti za maumbile ni waliofika wakiwa na msongo mkubwa. Waliokuwa wametulia tangu mwanzo walionyesha kinyume: sauti zile ziliwachangamsha kidogo. Yaani usimpe dawa asiyeumwa. Halafu mwaka 2021 watafiti wa Marekani na Kanada walikusanya tafiti zilizotangulia na kupitia rekodi kutoka maeneo 221 katika hifadhi 68 za taifa za Marekani. Wakaona kwamba sauti za maji ndizo zilizoinua zaidi hali ya moyo na afya, na za ndege ndizo zilizopunguza zaidi msongo na kero.

Siyapingi. Ninachosema ni kwamba maji ya hifadhi za Marekani hayajawahi kuingia sebuleni kwa mtu wa Nyando, kule kwenye uwanda wa Kano. Sauti haina utulivu ndani yake unaoweza kusafirishwa kwenda popote. Hata ndege si ndege tu: bundi akilia juu ya paa, kuna wazee ambao hawatalala tena usiku huo, na hakuna grafu itakayowashawishi.

Ukitaka kuona jinsi malezi yanavyoamua, lala msitu wa Kakamega. Huu ndio msitu pekee wa Kenya uliobaki kutokana na misitu ya mvua ya ukanda wa Kongo. Kabla jua halijachomoza mbega huanza kunguruma. Si mlio wa tumbili unaoufikiria. Ni mngurumo mzito, unaoviringika, mmoja akianza na wa kundi la mbali akijibu. Aliyekulia Shinyalu anaugeuza mto na kuendelea kulala, kwa sababu anajua ni saa ngapi na anajua ni nani. Mgeni kutoka Nairobi anakaa kitako akiutafuta mlango. Baadaye kidogo hondohondo wanapita juu, na mabawa yao yanavuma hata kabla hujawaona. Asubuhi, mgeni huyo huyo atakuambia amepumzika kuliko alivyopumzika mwaka mzima, na atakuwa anasema kweli, maana kufikia hapo ameshajua kwamba hakuna kilichomtaka.

Kwa hiyo kama una simu na una fursa, rekodi yako mwenyewe. Dunga, kando ya mafunjo, majira ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla injini za boti hazijaamka, kuna ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano anayeishi kwenye mafunjo pekee. Ni vigumu kumwona. Lakini dume na jike hujibizana kwa mpangilio wa karibu sana hivi kwamba unadhani ni ndege mmoja. Dakika 20 za sauti hiyo, na vyura nyuma yake, zitakufaa kuliko bahari ya California usiyoijua. Tena hazitakatwa na tangazo. Ni ajabu iliyoje kulazwa na mvua ya mtandaoni, kisha saa nane usiku ukashtuliwa na sauti inayokuhimiza ukope pesa kwa simu. Kama unatumia za mtandaoni, pakua sauti bila video, zima data, bando lako lipone.

Muziki ni habari nyingine kidogo, kwa sababu muziki una mapigo, na mwili huyafuata. Mwaka 2006 mtafiti wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake waliwachezea watu 24, nusu yao wanamuziki, nyimbo za mitindo mbalimbali. Pumzi na moyo vilikwenda na kasi ya muziki. Mtindo na mapenzi ya msikilizaji havikuwa na uzito mkubwa. Halafu wakagundua jambo ambalo hawakulitafuta: katikati ya nyimbo waliweka kimya cha dakika mbili, na ni katika kimya hicho watu walitulia zaidi, kuliko hata kabla muziki haujaanza. Kuhusu usingizi, mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalijumuisha majaribio 13 yenye watu 1,007 na kuona kwamba watu wazima wenye tatizo la usingizi wanaosikiliza muziki kila siku huripoti kulala vizuri zaidi. Zingatia neno kila siku. Wimbo mmoja usiku mmoja haukuahidiwa kitu.

Nikiutazama muziki wa kwetu kwa jicho hili, naona haukutungwa kwa ajili ya kulaza watu, isipokuwa zile nyimbo za kubembeleza watoto. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, lakini mpigaji pia huvaa pete ya chuma kidoleni mwa mguu na kugonga nayo ubavu wa chombo, na njuga za gara zikilia mguuni. Hicho ni chombo cha kukesha matangani na kusifu watu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, ni ngoma tatu zinazokuinua kitini hata ukiwa na goti bovu. Benga ndiyo kabisa. Mikononi mwa mtu kama Ayub Ogada, aliyewahi kupiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi London kabla ya kutoa albamu mwaka 1993, chombo hicho kilipunguza mwendo na kikapata wasikilizaji wa kukaa kimya. Lakini alichofanya ni kukibadilisha matumizi.

Hii haina maana kwamba isukuti haipumzishi. Inapumzisha kwa njia ya uchovu. Umecheza, umelia, umetoka jasho, umekuwa miongoni mwa watu. Ukifika nyumbani unalala fofofo. Tunaharakisha kuamini kwamba kupumzika ni kulala chali peke yako na vipokea sauti masikioni, na nadhani tumekopa fikra hiyo pamoja na programu zenyewe. Kwa anayetaka usingizi hasa, maoni yangu ni haya: polepole, bila maneno, na usiwe wimbo ulioupenda ukiwa kidato cha nne. Zilizopendwa ni tamu Jumapili alasiri. Usiku zinakuletea watu.

Hadi hapa nimeandika kana kwamba tatizo ni kuchagua sauti. Kwa wengi wa Kondele au Nyalenda kule Kisumu, na wa Kaptembwo au Free Area kule Nakuru, tatizo ni kwamba sauti imeshachaguliwa na mtu mwingine. Disko matanga la siku tatu. Kesha la kanisa la mabati lenye spika zilizogeuzwa kuelekea barabarani, sijui ni nani anayehubiriwa kule. Nakuru iliitwa jiji Desemba 2021, na barabara kuu inayolipasua bado inapitisha matrela usiku kucha. Mtu anayekaa hapo akinunua mvua ya simu, hanunui maumbile. Ananunua ukuta.

Na ukuta huo una bei. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinaweka kiwango cha usiku katika makazi kuwa desibeli 35, kuanzia saa mbili na dakika moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zikiongezeka 10, nishati ya sauti inazidishwa mara 10. Baa inayofikisha 65 dirishani kwako haijazidisha kiwango karibu mara mbili, imekizidisha mara 1,000 kwa nishati. Ili mvua ya simu iifunike baa hiyo, lazima ipande karibu na ilipo. Shirika la Afya Duniani linasema usikilizaji wa desibeli 80 usizidi saa 40 kwa wiki. Anayelala na vipokea sauti masikioni saa nane kila usiku amefikisha saa 56. Akiwa ameweka sauti chini hana shida. Akiwa ameipandisha hadi 80 ili kuishinda baa, ameshavuka mpaka hata kabla ya kuhesabu matatu za mchana.

Watoto wachanga ndio wa kuangaliwa zaidi. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2014 ulipima mashine 14 za kulaza watoto, na tatu kati yake zikifunguliwa hadi mwisho zilipita desibeli 85 kwa umbali wa sentimita 30. Simu iliyowekwa chini ya mto wa mtoto haiko hata sentimita 30. Iweke ng'ambo ya chumba, sauti iwe ndogo, na akishalala uizime.

Naudhika kidogo na ushauri wa afya ya akili unaomfuata mpangaji hadi kitandani, ukamfundisha kupumua, ukampa kijito na ndege, lakini usimtaje mwenye spika. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inakabidhi kaunti udhibiti wa kelele, ikizitaja kwenye kifungu kimoja na uchafuzi wa hewa. Sheria ipo, kiwango kipo, mwenye kazi anajulikana. Kinachokosekana ni mtu mwenye kipimo mkononi saa tano usiku. Pendekezo langu si kubwa: leseni ya baa au ukumbi wa burudani ndani ya makazi isihuishwe kabla ya kelele zake kupimwa usiku, tena kwenye dirisha la jirani, maana kipimo cha saa nne asubuhi kitakuta wafagiaji. Na makanisa yasichukuliwe kama hayamo. Kanuni hizo za 2009 zinayataja maeneo ya ibada kwa jina na kuyawekea desibeli 35 zile zile za usiku.

Wanaosema watu watakosa riziki wana hoja, na nimeisikia mara nyingi. Lakini spika kugeuzwa ndani, mlango wa nyuma kufungwa na dari kuwekewa kitu cha kunyonya sauti hakumfukuzi mnywaji. Anayeuza samaki Dunga anaamka saa kumi alfajiri, na riziki yake inahitaji alale.

Hadi kaunti itakapoamka, kwenye simu hiyo hiyo yenye mvua kuna programu za bure za kupima desibeli. Hazina usahihi wa kusimama mahakamani, na simu za bei nafuu hukosea kwa kiasi fulani. Lakini zinatosha kukuonyesha kama chumbani kwako kuna 40 au 70. Pima usiku kadhaa, andika tarehe na saa, mwombe na jirani wa upande wa pili apime kwake, halafu mwende pamoja ofisi ya wadi na karatasi hiyo.